Hesabu Kilo Kwanza, Hela Baadaye: Ukweli Kuhusu Tela na Gari Dogo

Wafanyabiashara wenzangu, leo tuongee kuhusu hizi tela ndogo za kufunga nyuma ya gari la kawaida. Naona wengi tukishaanza kupata oda kubwa za mchele, vigae au fenicha, tunapiga hesabu moja tu: kirikuu nakodi kila siku, bora fundi anitengenezee tela nivute na gari langu, hela ibaki mfukoni.

Hesabu siyo mbaya. Ila msimamo wangu ni huu: tela inamlipa muuzaji anayejua kilo za mzigo wake. Kama hujui kilo, endelea kukodi.

Kwa nini? Kwa sababu tela inajaa kwa uzito kabla haijajaa kwa macho. Tuseme kitabu cha gari lako kinaruhusu livute kilo 500. Hizo 500 ni pamoja na tela yenyewe. Tela tupu ikiwa na kilo 150, umebakiwa na 350, yaani mifuko 7 ya kilo 50. Saba tu! Wakati ukiangalia unaona nafasi ya mifuko 15, na hapo ndipo mtu anaongeza. Tena kuna magari madogo ambayo kitabu chake kinakataza kabisa kuvuta tela. Likiwa lako ni hilo, fundi akikwambia "hii inavuta boss", kumbuka yeye anauza kazi ya kuchomelea. Breki na gia ni zako.

Jambo la pili ni kupanga. Mzigo mzito ukae chini, katikati, ukisogea kidogo mbele ya ekseli. Ukiweka uzito nyuma, tela inanyanyua mkia wa gari na kuanza kuyumba kama nyoka ukishika spidi. Ukizidisha mbele, gari linakaa kwa matako, usukani unakuwa mwepesi na taa zinammulika anayekuja. Pua ya tela ikandamize gari kwa karibu asilimia 10 ya uzito wote, ila isizidi kile kitabu kinachoruhusu. Kwa tela ya kilo 500 ni kama kilo 50. Unapimaje? Paki sehemu tambarare, weka pua ya tela juu ya mzani wa kupimia watu, kwenye kimo kile kile inachofungwa. Na uzito huo unahesabika kwenye gari, kwa hiyo usijaze na buti.

Kabla ya kuondoka:

✅ Kirungu cha kuunganishia kilingane na tela. Kuna cha milimita 50 na cha inchi 2, ambacho ni milimita 50.8. Kwa macho ni ndugu mapacha, lakini usichanganye.
✅ Minyororo miwili ipishane kama X chini ya mkono wa tela. Kiungo kikichomoka, mkono unadakwa, hauchimbi lami.
✅ Taa za breki na indiketa za tela ziwake. Bodaboda wa nyuma haoni taa za gari lako.
✅ Upepo wa matairi, na mikanda ya mzigo. Simama baada ya kilomita chache, kaza tena.

Barabarani, acha nafasi kubwa mbele. Spidi ikitoka 40 kwenda 80, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki unakuwa kama mara nne, na tela nyingi za hivi hazina breki zake. Mteremko kama wa Kitonga, shuka na gia ndogo tangu juu, usining'inie kwenye breki mpaka zinuke. Tela ikianza kuyumba, toa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani ulionyooka. Usipige breki kwa nguvu, na usijaribu kuikimbia.

Mtu atasema, mbona fulani anabeba tani nzima kila wiki na hajapata ajali? Hajakutana bado na mtoto anayevuka ghafla.

Na tuseme ukweli, kinachotusukuma kuzidisha mzigo ni yale maneno tunayoandika kwenye matangazo: "USAFIRI BURE". Usafiri hauwi bure. Usipoulipia kwenye bei, unaulipia kwa kubana oda za siku tatu kwenye safari moja. Weka gharama ya usafiri kwenye bei, au mwambie mteja achangie. Mteja mzuri anaelewa. Safari mbili za kilo halali zinakula mafuta zaidi, sawa, lakini zinarudisha gari, mzigo na wewe mwenyewe.

Mwisho, ulizia bima yako kama inalipa gari likiwa linavuta tela. Uliza leo, siyo siku ya ajali.

Mtumie mwenzako anayefikiria kununua tela.