SINDANO KABLA YA MPIRA

Msimu wa mashindano unapowadia, viwanja vya Bukoba na Muleba hufurika watu, na visiwa vya Bumbire, Ikuza, Kerebe na Goziba navyo havibaki nyuma. Kila kambi ya wavuvi ina timu yake, na heshima ya kambi huwa miguuni mwa vijana kumi na mmoja. Hilo ni jambo jema, nasi tunaliunga mkono. Lakini upo mtindo mmoja ambao hatuwezi kuunyamazia, nao ni wa kumdunga mchezaji mwenye jeraha sindano ya diklofenaki ili aingie uwanjani kana kwamba hana maumivu.

Mtindo huu si wa kwetu peke yetu. Mwaka 2012 mganga mkuu wa FIFA, Dk. Jiří Dvořák, alieleza kwamba katika Kombe la Dunia la 2010 wachezaji wapatao 39 katika kila 100 walitumia dawa za maumivu kabla ya kila mechi. Tena dawa hizo hazimo katika orodha ya zile zilizopigwa marufuku michezoni. Basi wako wanaouliza: kama si haramu, ubaya uko wapi?

Ubaya uko ndani ya mwili. Diklofenaki haiungi kano iliyochanika. Kazi yake ni kuzuia kemikali iletayo uvimbe na maumivu. Lakini jamii ya kemikali hiyo hiyo ndiyo inayolinda utando wa tumbo na kusaidia damu kufika kwenye figo. Kijana aliyekesha ziwani na taa za dagaa, ambaye alasiri anakimbia juani bila kunywa maji ya kutosha, figo zake tayari zina shida ya damu. Akidungwa sindano, shida inaongezeka. Ndiyo sababu wataalamu wameweka kikomo cha miligramu 150 kwa siku, yaani sindano mbili za miligramu 75, na kwa muda usiozidi siku mbili. Ivan Klasnić, mshambuliaji wa Kroatia, alipandikizwa figo mwaka 2007, kisha akawashitaki madaktari waliomtibu, akidai kwamba walimpa dawa za maumivu ilhali figo zake zilikuwa mbovu. Yeye alipata figo nyingine na akacheza tena. Hapa nchini upandikizaji wa figo ulianza Muhimbili mwaka 2017, na kutoka Goziba hadi Muhimbili ni mbali mno.

Kwa watu wa visiwani ipo hatari nyingine ambayo haizungumzwi. Kichocho cha tumbo kimeenea katika ziwa letu. Kikikaa mwilini miaka mingi huharibu ini na kuvimbisha mishipa ya umio, hata mtu akatapika damu. Dawa za jamii ya diklofenaki huchubua tumbo na kupunguza nguvu ya damu kuganda. Mvuvi anayeonekana mzima kabisa anaweza kuwa anabeba ugonjwa huo bila kujua. Akianza kutapika damu usiku kisiwani, na upepo umechafua ziwa, nani atamvusha?

Aidha, tujiulize ni nani anayeishika sindano hiyo. Mara nyingi si daktari wala muuguzi. Ni muuza duka, au kiongozi wa timu aliyewahi kuona inavyofanywa. Sindano ikichomwa mahali pasipo pake kwenye tako huweza kuumiza mshipa mkubwa wa fahamu, na mchezaji akaburuta mguu maisha yake yote. Leseni ya duka la dawa si leseni ya zahanati.

Tunawaomba Waganga Wakuu wa Wilaya na wakaguzi wa dawa wafike visiwani wenyewe, wasingoje taarifa za mezani. Maofisa michezo nao waweke sharti kwamba hakuna mashindano, yawe ya kuwania kombe au mbuzi, bila mhudumu wa afya uwanjani mwenye mamlaka ya kumtoa mchezaji aliyeumia. Ubao wa kubebea majeruhi, bendeji na maji safi ya kunywa havihitaji bajeti ya taifa. Na barafu, ndugu zetu wa visiwani, mnayo. Ile inayoletwa kwa ajili ya sangara inatosha kabisa kutuliza kifundo kilichoteguka, mradi ifungwe kwa kitambaa na mguu upumzishwe.

Kwa viongozi wa timu, kijana anayeumia Jumamosi ndiye yule yule anayetegemewa na nyumba yake kushika kasia Jumatatu. Kama hawezi kukimbia bila sindano, mwenziwe aliye benchi avae jezi.