Kukosoa ni Kuondoa Kosa

Ndugu zangu malenga na wapenzi wa lugha, nimechoshwa na methali moja. Si methali yenyewe, bali matumizi yake. Mtu akimvunjia mwenzake heshima kwa sababu ya shairi, ukimuuliza hukujibu: "Msema kweli ni mpenzi wa Mungu." Methali njema imegeuzwa kichaka cha kujifichia mafidhuli. Nakifahamu kichaka hicho vizuri, maana nami nimewahi kujificha humo.

Hapa Ndungu, chini ya milima ya Upare, mpunga wetu hutegemea maji ya mfereji. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja mkulima aliniletea shairi alilotunga kuhusu siku maji yalipofika shambani mwao baada ya kungojwa kwa muda mrefu. Lilikuwa shairi la mizani 16, nane kwa nane. Katika ubeti wa pili aliandika kipande hiki: "Maji yamefika bondeni." Hesabu mwenyewe, msomaji: ni mizani 9. Nilikuwa nikilisoma kwa sauti mbele ya watu barazani. Nilipofika hapo nikacheka, nikamwambia: "Mwanangu, ushairi una wenyewe. Wewe rudi kwenye majaruba." Watu wakacheka. Naye akacheka, akakunja karatasi yake, akasema, "Ahsante, mzee," akaondoka. Tangu siku hiyo sijaona shairi lake jingine.

Ukweli ulikuwapo: mizani ilizidi. Lakini ukweli huo sikumpa. Ningemwambia, "Sema 'Maji yafika bondeni', mizani itatimia na kina cha ni kitabaki," ningekuwa nimemkosoa. Pengine angenijibu kwamba hataki kuipoteza -me-, kwa kuwa anasimulia maji yaliyokwisha kufika, si maji yanayofika. Hapo ningelazimika kufikiri, na huenda tungetafuta neno fupi badala ya "bondeni". Mazungumzo hayo hayakufanyika. Nilimpoteza mshairi kwa silabi moja, na hata silabi yenyewe sikumtajia.

Lugha yetu ilikwisha kuiamua hoja hii kabla yetu. Tazameni kitenzi kosoa. Kimetoka katika kosa, kama chomoa ilivyotoka katika choma na zibua katika ziba. Ni kauli ya kutendua. Achomoaye mwiba hauachi mwilini; akosoaye hana budi kuliondoa kosa, au walau kuonyesha lilipo ili mwenyewe aliondoe. Asemaye "hili si shairi" kisha akanyamaza hakuondoa chochote. Kosa lipo palepale, na juu yake limeongezwa jeraha. Huko ni kukashifu, na sifa ya ukosoaji hakustahili.

Sisemi tubembelezane. Mhakiki anaweza kuwa mkali kama pilipili na bado akajenga, iwapo ukali wake unagusa mshororo, kina, taswira au hoja. Na fidhuli anaweza kusema kwa sauti ya asali: "Umejitahidi, kwa mtu wa bara." Kipimo si ukali wa sauti. Kipimo ni hiki: je, mtunzi ameachiwa kitu cha kurekebisha, au cha kubishia? Silabi hurekebishika. Kuzaliwa Upare hakurekebishiki, wala si kosa.

Wakubwa wetu walibishana kwa jambo zito kuliko silabi yangu. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani, na katika utangulizi akaeleza kwa nini alitaka ushairi uikaribie lugha ya kila siku. Ukazuka mgogoro mkubwa. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi wakaandika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, wakitetea ushairi usiofungwa na kanuni hizo. Jumanne Mayoka naye akaja na Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka.

Yasomeni tena majina hayo ya vitabu. Diwani ya Amri, Diwani Yetu, Diwani ya Mayoka. Watu hawa hawakukubaliana, lakini kila upande uliiweka hoja yake na tungo zake katika jalada moja. Ni kana kwamba kila mmoja alisema: hii ndiyo kanuni yangu, na haya ndiyo mashairi yangu, nipimeni kwayo. Yaliyotupwa pembeni mwa mgogoro huo, kwamba hawa wameshindwa vina na wale ni mafundi wa vina vitupu, hayakumfunza mtu kutunga. Vitabu vinafunza hadi leo.

Najua nitakayojibiwa: ushairi wetu ni wa vijembe tangu enzi za Muyaka bin Haji, na malumbano ndiyo uhai wake. Ni kweli. Lakini katika malumbano wawili huingia uwanjani kwa hiari, na anayejibu hujibu kwa shairi. Hata kejeli yake lazima itimize mizani. Mwanafunzi aliyekuletea karatasi umwonyeshe njia hakukuita uwanjani. Kumpiga huyo kijembe mbele ya watu si ushujaa, maana hana silaha.

Watunzi nao wasijipumzishe. Yuko mshairi ambaye ukimtajia ubeti wa tatu, mshororo wa nne, hukuambia una wivu. Huyo naye ameacha shairi na kumshika mtu. Ufidhuli wake ni uleule, ila umevaa joho la mwenye kuonewa.

Basi naomba jambo dogo. Ukisoma shairi la mwanagenzi, taja ubeti, taja mshororo, taja neno, kisha sema ungefanyaje wewe. Usipoweza kutaja, bado hujasoma. Nyamaza usome tena. Nami nina deni kwa kijana wa majaruba. Nikimwona nitamwomba ile karatasi, na safari hii nitaanza kwa kumuuliza kuhusu ile -me-.