Hashtegi Imetrendi. Halafu?

Komredi, tuambiane ukweli. Mara ya mwisho ulipoposti hashtegi ya kudai haki, ulifanya nini baada ya kuweka simu chini?

Sisemi hashtegi ni mchezo. Juni 2024 tuliona wenyewe. #RejectFinanceBill2024 ilianza kwenye simu lakini haikubaki huko. Wanafunzi waliusoma Mswada wa Fedha, wakaueleza TikTok kwa lugha ambayo hata mama mboga anaielewa. Namba za wabunge zikasambazwa, simu zao zikajaa meseji. Juni 18, pendekezo la VAT ya asilimia 16 kwa mkate likaondolewa. Juni 25, vijana wakiwa barabarani, wabunge 195 wakaupitisha mswada hata hivyo. Siku hiyo wenzetu walipigwa risasi, wengine hawakurudi nyumbani. Kesho yake Rais akasema hatautia saini.

Sasa sehemu ambayo hatupendi kuizungumzia. Desemba 11 mwaka huo huo, Rais alitia saini sheria ya marekebisho ya ushuru. Baadhi ya mapendekezo ya Juni yalikuwa humo ndani. Bunge lilikuwa limeitisha maoni ya wananchi. Wewe ulikuwa wapi? Hata mimi najiuliza. Hashtegi ilikuwa imepoa, nasi tukapoa nayo.

Wakubwa wameshatusoma. Wanajua kutrendi ni siku tatu, kamati ya Bunge inakaa mwaka mzima.

Kwa hivyo tusiiache hashtegi, tuipe kazi. Kabla ya kuposti, uliza: hili linaamuliwa na nani, na lini? Kifungu cha 118 cha Katiba kinalibana Bunge liwashirikishe wananchi. Cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi lake Bungeni. Kule kaunti, makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, kisha wananchi huitwa kutoa maoni. Nilihudhuria kikao kimoja: wazee kumi na wawili, viti vitupu, kijana mmoja tu. Hapo ndipo pesa za basari zilikuwa zinajadiliwa, na sisi tuko hosteli tunalalamika karo.

Tafuta wenzako watatu. Mmoja asome, mmoja aandike maoni, mmoja ayapeleke na kudai nakala iliyogongwa muhuri. Wa nne aposti picha ya ule muhuri.

Hiyo ndiyo hashtegi ambayo mheshimiwa hawezi kuiskroli na kuipita.