Masisi na Walikale: dawa mpya hazitasaidia kitu zikiendelea kuuzwa vidonge viwili viwili

Katika vijiji vingi vya Masisi na Walikale, mgonjwa haanzi kwa muuguzi. Anaanza kwenye farmasi ndogo ya kando ya barabara, au kwenye meza ya sokoni ambako vidonge vimepangwa pamoja na sabuni, chumvi na betri za tochi. Hapo ananunua tetra mbili, ampi nne, au amoxi za faranga alizo nazo mfukoni. Homa ikishuka, anaacha. Vikibaki viwili, vinafichwa kwa ajili ya mtoto atakayeugua kesho. Mtu akikatwa na panga shambani, kapsuli inafunguliwa na unga wake unamwagwa juu ya kidonda.

Hivyo ndivyo dawa zinavyoisha nguvu. Antibiotiki ikitumiwa ovyo, inaua vijidudu dhaifu na kuacha vile vyenye nguvu. Vilivyobaki vinazaana na kupita kwa mikono michafu, kwa maji na kwa chakula. Jirani anayeambukizwa baadaye anaweza kuwa hajameza kidonge hata kimoja, lakini ugonjwa wake tayari umezoea dawa. Mchuma janga hula na wa kwao. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alitoa onyo hilo hilo mwaka 1945 alipopewa tuzo ya Nobel: anayetumia dawa kidogo kuliko inavyotakiwa anavifundisha vijidudu kuishinda.

Hili si jambo la nchi za mbali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la The Lancet ulikadiria kwamba watu milioni 1.27 walikufa duniani mwaka 2019 kwa sababu bakteria waliowashambulia hawakusikia dawa. Afrika ya kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi. Mwaka 2019 vilevile, watafiti waliofanya kazi na taasisi ya INRB ya Kinshasa walieleza aina ya Salmonella iliyopatikana humu nchini Kongo, ambayo huingia katika damu na kuua hasa watoto wadogo. Aina hiyo ilishinda dawa za zamani, ikashinda seftriaksoni, ikashinda na azitromisini. Seftriaksoni ndiyo sindano ambayo familia nyingi za Kivu huuza mbuzi ili kuilipia.

Wazee wa Kivu wanajua kwamba dawa inaweza kuzeeka. Wanaikumbuka kinini, iliyotoka katika magome ya miti iliyopandwa hapa hapa Kivu na kutengenezwa Bukavu. Baadaye ilikuja klorokini, ambayo wengi waliijua kwa jina la Nivaquine. Malaria ikaizoea, na mwaka 2001 Kongo ikaiacha. Dawa iliyoshika nafasi yake haikudumu: mwaka 2005 serikali ilichagua artesunate pamoja na amodiaquine. Leo hata ukoo huo wa dawa uko mashakani. Watafiti walithibitisha dalili za usugu Rwanda mwaka 2020, na Uganda mwaka 2021. Mbu na msafiri hawaulizi mpaka uko wapi.

Habari njema ni kwamba dawa mpya zinatafutwa, na Wakongo wako mstari wa mbele. Kwa miaka mingi mgonjwa wa malale ambaye ugonjwa umefika kichwani alidungwa melarsoprol, dawa yenye sumu ya aseniki. Iliua karibu mtu mmoja kati ya ishirini waliotibiwa nayo, na katika sehemu kadhaa za Kongo ilianza kushindwa kuponya. Utafiti ulioongozwa na daktari Mkongo, Victor Kande, pamoja na shirika la DNDi, ulileta fexinidazole, dawa ya kumeza siku kumi. Kongo iliiidhinisha mwishoni mwa mwaka 2018.

Karibu zaidi ni Ebola. Kuanzia Novemba 2018, dawa nne zilijaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina, katika jimbo hili hili la Kivu Kaskazini. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019, lakini utafiti uliendelea, na kufikia Agosti dawa mbili zilionyesha kwamba zinaokoa maisha zaidi. Moja kati yake ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, kazi ambayo Profesa Jean-Jacques Muyembe alishiriki. Mwezi huo huo ugonjwa ulifika hadi Pinga, wilayani Walikale. Basi asidanganye mtu kwamba vita vinazuia kila kitu.

Kwa malaria pia, Novemba 2025 kampuni ya Novartis na shirika la MMV zilitangaza matokeo mazuri ya dawa mpya, ganaplacide pamoja na lumefantrine, baada ya majaribio katika nchi kadhaa za Afrika.

Lakini tazama tofauti. Dawa za Ebola zilitolewa bure, kwa mgonjwa aliyepimwa, mbele ya muuguzi, mpaka mwisho wa matibabu. Siku dawa mpya ya malaria au ya nimonia itakapofika Kashebere au Mubi, nani atahakikisha mgonjwa amepimwa? Nani atahakikisha ameimaliza? Ikiwa itatupwa kwenye meza ile ile ya sokoni, itakufa kifo cha Nivaquine, na utafiti wa miaka mingi utakuwa umepotea bure.

Wako wanaosema kosa ni la raia, hawana elimu. Neno hilo ni jepesi mno. Mama anayenunua kapsuli nne badala ya kumi na tano anajua kuhesabu: amehesabu pesa zake, akahesabu na unga wa watoto. Huko Walikale mizigo mingi hufika kwa ndege ndogo au mgongoni mwa mbebaji. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025, na kila kizuizi barabarani kinaongeza bei ya katoni ya dawa. Mwenye bunduki anayetoza ushuru kwenye dawa, au anayepora kituo cha afya, anavisaidia vijidudu kuliko mama yule.

Tena muuguzi wa kijijini hana maabara ya kuotesha vijidudu. Anategemea kipimo cha Widal, ambacho hukosea mara nyingi, kisha kila mwenye homa anaambiwa ana tifoide na kupewa sipro. Hapo hata aliyekwenda kwa mtaalamu anaweza kutoka na dawa isiyo yake.

Wafugaji nao wana sehemu yao. Kwenye milima ya Masisi, ng'ombe akikohoa hudungwa oksitetrasiklini, ndugu wa tetra ile ile ya watu. Maziwa ya ng'ombe aliyedungwa yanatakiwa kumwagwa kwa siku kadhaa. Ni nani anayeyamwaga, wakati jibini ndiyo inayolipa masomo ya watoto?

Yanayotakiwa yanajulikana. Zoni za afya ziuze antibiotiki kwa dozi kamili na kwa bei ambayo mkulima anaiweza, na mashirika yanayosaidia yalipe tofauti. Hospitali kuu za wilaya ziwe na njia ya kuotesha vijidudu, au angalau ya kupeleka sampuli kwenye maabara yenye uwezo na kurudishiwa majibu kabla mgonjwa hajazikwa. Wenye farmasi wafundishwe, na anayekataa afungiwe. Wote wanaoshika silaha waache dawa zipite bila ushuru. Maji safi na chanjo vitangulie, kwa kuwa mtoto asiyeugua hahitaji dawa yoyote. Chanjo ya pneumokoki, inayokinga aina moja kubwa ya nimonia, ilianza kutolewa Kongo mwaka 2011, na mzazi hailipii.

Kwa raia, inafaa kushika mambo matatu: mafua hayatibiwi kwa antibiotiki, dawa ya jirani si dawa yako, na dozi iliyoanzwa kwa shauri la muuguzi imalizwe hata kama homa imeshuka. Anayekosa pesa za dozi nzima amwambie muuguzi waziwazi kabla ya kununua nusu. Na muuguzi anayeambiwa hivyo asimfukuze.