Mjamzito Hadaiwi Magoti

Eti mjamzito aliyetengwa na ukoo apige magoti kabla ya kujifungua, kwani mtoto hulelewa na ndugu! Ndugu gani? Ebola ilipotangazwa Kivu Kaskazini, nchini Kongo (DRC), Agosti 2018, baadhi ya waliopona walikimbiwa na jamaa zao. Lakini katika miji ya Beni na Butembo, kwenye vituo vya watoto vilivyosaidiwa na UNICEF, wanawake waliopona ndio waliopakata vichanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa, wakawanywesha maziwa na kuwabembeleza. Hawakuwa shangazi wala bibi zao; kumbe mtoto hulelewa hata na asiye ndugu. (Wapo ndugu walioogopa kusogea; siwalaumu.) Anayetaka kupatana, apatane, ila aliyefukuza ndiye aanze kubisha hodi. Mjamzito anahitaji kliniki na wa kumsindikiza uchungu ukianza, hata akiwa jirani. Mwacheni ajifungue kwanza.