Mtoto Naye Ni Mhakiki

Wapo wasomi ambao kitabu kikishapendwa na vijana wengi hukitilia shaka papo hapo, kana kwamba kupendwa ni dalili ya upungufu. Wenye maoni hayo na wamtazame Cornelia Funke, mwandishi wa Kijerumani aliyezaliwa mwaka 1958 katika mji wa Dorsten, ambaye vitabu vyake vimeuzwa zaidi ya nakala milioni 20 duniani.

Bibi Funke hakuanzia kwenye meza ya mwandishi. Alisomea elimu huko Hamburg, kisha akafanya kazi ya ustawi wa jamii kwa miaka mitatu, miongoni mwa watoto wa familia zenye shida. Baadaye akawa mchoraji wa picha za vitabu, na alipochoshwa na hadithi alizopewa kuzichorea, akaamua kuandika zake. Katika Herr der Diebe, yaani Bwana wa Wezi, kilichotoka mwaka 2000, ndugu wawili mayatima wanatoroka Hamburg hadi Venice kwa kuwa dada wa marehemu mama yao anamtaka mdogo peke yake. Wanajisitiri pamoja na watoto wenzao katika jumba la sinema lililohamwa. Mwalimu aliyewahi kumpokea darasani mtoto asiye na wa kumlea atakiri kwamba hiyo si njozi tupu.

Na ni nani aliyemvusha mwandishi huyu mipaka? Alikuwa akichapishwa kwao tangu mwaka 1988, lakini wachapishaji wa Kiingereza hawakushughulika naye. Ndipo msichana mmoja aliyezijua lugha zote mbili alipomwandikia Barry Cunningham wa Uingereza, yule yule aliyempokea J. K. Rowling, akimwuliza kwa nini mwandishi ampendaye hapatikani kwa Kiingereza. Mwaka 2002 Bwana wa Wezi kikatoka kwa lugha hiyo. (Kwamba Mjerumani hana budi kupitia Kiingereza ndipo dunia imsikie, hilo ni jambo la kusikitisha, nalo lastahili makala yake.)

Mwaka 2003 kikafuata Tintenherz, Moyo wa Wino, ambacho ndicho nikipendacho zaidi. Mjalidi wa vitabu aitwaye Mo anaposoma kwa sauti, wahusika hutoka kitabuni wakawa watu. Siku moja wakatoka majahili, na mkewe akamezwa na kitabu. Tangu hapo hathubutu kumsomea bintiye kwa sauti. Sijui hadithi nyingine imwonyeshayo kijana kwa wazi namna hii kwamba neno lina uzito, na kwamba alisomaye hana budi kujibu kwa matokeo yake.

Wako watakaosema kwamba umaarufu humfanya mwandishi kuwa mtumwa wa soko. Mchapishaji wa Marekani alipotaka kitabu cha tatu cha Reckless kibadilishwe mwanzo na mwisho wake, Bibi Funke alikataa. Mwaka 2015 akaunda kampuni yake mwenyewe, akakitoa kama alivyokiandika.