Sauti Hii ni ya Nani?

Katika mwaka 1993 kikundi cha Technotronic cha Ubelgiji kilikusanya nyimbo zake zilizovuma katika santuri moja. Wengi wetu hapa Nyakabiga tukizisikia nyimbo hizo hucheza tu, wala hatuulizi aliyeimba ni nani. Mimi naona imetupasa kuuliza.

Wimbo wao mkubwa, "Pump Up the Jam", ulitoka mwaka 1989, ukafika nafasi ya pili Uingereza na Marekani. Juu ya jalada na katika filamu yake alionyeshwa Felly, msichana wa maonyesho ya mavazi, akichezesha midomo. Lakini sauti ilikuwa ya Manuela Kamosi, aitwaye Ya Kid K, mzaliwa wa Kinshasa. Baadaye alionekana mwenyewe, ila watu walikuwa wamekwisha izoea sura ya mwingine.

Jambo hili si geni kwetu Warundi. Ngoma zetu zilinaswa mwaka 1967. Mwaka 1971 huko Ufaransa zikatiwa piano na gitaa, zikauzwa kwa jina la "Burundi Black". Nchi ilitajwa, wapigaji hawakutajwa.

Labda mtu atasema, "Muziki ni wa kuchezea, majina ya nini?" Namjibu: jina ndilo liletalo ujira na heshima. Basi ninyi mnaogawiana nyimbo kwa simu, andikeni na jina la mwimbaji. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.